Magna Carta na mwaka 1215: yanayokaririwa na yaliyotokea

Somo likifika kwa Mfalme John wa Uingereza na Magna Carta, Hati ya masharti ambayo makabaila walimlazimisha kuikubali, sentensi ni ileile kila muhula: "Mwaka 1215 wananchi wa Uingereza walipata haki zao." Imo kwenye majibu ya mitihani, imo kwenye insha za wanafunzi wa sheria, imo hata kwenye hotuba za watu wazima. Ni maneno manane tu, na makosa ni matatu: waliohusika hawakuwa wananchi, kilichogombaniwa hasa ni fedha, na hicho kilichopatikana kilifutwa kabla mwaka haujaisha.

"Wananchi walipata haki zao"

Waliomkaba John walikuwa makabaila wenye ngome na askari. Tarehe 27 Julai 1214 washirika wake walichapwa vibaya Bouvines na Mfalme Philip wa Ufaransa. John akarudi mikono mitupu, na bado akadai kodi ya ngao, ile inayolipwa na kabaila badala ya kwenda vitani, kwa kiwango cha marki 3, yaani pauni 2, kwa kila shamba la kumtunza askari mmoja wa farasi. Wengi wakagoma.

Juu ya kodi kulikuwa na madeni. Kabaila Geoffrey de Mandeville aliandikiwa deni la marki 20,000 ili amwoe Isabella wa Gloucester, ambaye alikuwa mke wa John mwenyewe kabla ndoa haijabatilishwa. Nicholas de Stuteville aliandikiwa marki 10,000 ili arithi mashamba ya ukoo wake. Marki moja ni thuluthi mbili ya pauni, kwa hiyo huyo Nicholas alidaiwa zaidi ya pauni 6,600. Sasa fungua kifungu cha 2 cha Hati: mrithi wa kabaila atalipa pauni 100, basi. Anayeelewa kifungu hicho ameelewa nusu ya Hati nzima.

Lakini watu hawaanzii kifungu cha 2. Wanarukia cha 39, kwamba mtu huru hatakamatwa wala kufungwa ila kwa hukumu ya wenzake wa daraja lake au kwa sheria ya nchi. Neno linalomezwa hapo ni "huru". Sehemu kubwa ya wanakijiji walikuwa watwana waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, na mtwana mwenye lalamiko kuhusu shamba lake alilipeleka kwenye baraza la bwana huyohuyo. Kifungu cha 20 kinamtaja kweli: akitozwa faini na mfalme, asinyang'anywe kile anacholimia. Tusishangilie mapema. Kwa sheria ya wakati ule mali ya mtwana ilihesabiwa kuwa ya bwana wake, kwa hiyo anayelindwa hapo ni bwana pia, asikombewe na mfalme.

Na ile hoja kwamba Hati ilileta bunge? Kifungu cha 12 kinazuia kodi ya ngao na michango bila ushauri wa pamoja, isipokuwa mara tatu: kumkomboa mfalme akitekwa, kumpa mwanawe wa kwanza cheo cha askari wa farasi, na kumwoza binti yake mkubwa mara moja. Cha 14 kinataja wa kuitwa: maaskofu, maabati na makabaila wakubwa kwa barua, kila mmoja yake, na waliobaki wanaoshika ardhi ya mfalme moja kwa moja kwa tangazo la jumla, wote wakipewa notisi ya siku 40. Mkulima hayumo. Kura haimo. Vifungu vyote viwili vilitupwa nje toleo jipya lilipotoka mwaka 1216.

Dawa ni moja: soma vifungu vyote 63 kwa mpangilio wake, acha kuokota viwili vinavyopendeza. Utakuta uzio wa kuvulia samaki kwenye mto Thames (33), kipimo kimoja cha mvinyo, bia na nafaka (35), na mjane asiyelazimishwa kuolewa tena (8). Hata hizo namba ziliwekwa na wasomi wa karne za baadaye; ngozi yenyewe imeandikwa mfululizo, haina namba hata moja. Na mwanafunzi wa sheria aangalie: maandishi yaliyobaki kwenye sheria za Uingereza leo yanatokana na toleo la 1297, ambamo kifungu hicho maarufu ni cha 29. Ukikitaja kama "kifungu cha 39 kinachotumika hadi leo" umekosea.

"John alitia saini"

Hakutia. Hati ilithibitishwa kwa muhuri wa nta, na kazi ya kuuning'iniza ilikuwa ya ofisi ya makarani wa mfalme. Picha za John ameshika kalamu ni ubunifu wa wachoraji. Nakala zilizosalia ni nne, na hakuna moja iliyo "ya asili" kuliko nyingine.

"Jina lake lilikuwa Magna Carta"

Si mwaka huo. Jina lilikuja baada ya 1217, ilipotolewa hati ndogo ya misitu na watu wakahitaji kuzitofautisha.

"Tarehe ni tarehe tu"

Hapa wengi huanguka. John alitawazwa Sikukuu ya Kupaa, 27 Mei 1199, na miaka ya utawala wake ilihesabiwa kuanzia sikukuu hiyo, ambayo huhama. Mwaka wake wa 16 ulianza 8 Mei 1214 ukaisha 27 Mei 1215, siku 385. Maana yake barua ya "10 Mei, mwaka wa 16" inaweza kuwa ya 1214 au ya 1215, na utaamua kwa kuangalia mfalme alikuwa mji gani. Makabaila waliingia London 17 Mei 1215, ndani ya kipande hichohicho kinachojirudia. Hati yenyewe, 15 Juni, ni ya mwaka wa 17. Usigeuze tarehe kwa kichwa, tumia jedwali.

"Baada ya Runnymede palikuwa na amani"

Runnymede ni uwanda kando ya mto Thames ambako Hati ilikubaliwa, na makabaila walirudia viapo vya utii 19 Juni. Lakini kifungu cha 61 kiliwapa watu 25, Geoffrey akiwa mmojawao, ruhusa ya kutwaa ngome na ardhi ya mfalme asiporekebisha kosa ndani ya siku 40. Mfalme gani angelala na hilo? John alikuwa amemkabidhi Papa ufalme mwaka 1213, akiushika kwa marki 1,000 kwa mwaka, na Papa Innocent III akaifuta Hati tarehe 24 Agosti, siku 70 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake.

Vita vikazuka, na Oktoba John alikuwa ameizingira ngome ya Rochester, iliyoshikwa na makabaila. Wachimbaji walipenya chini ya pembe ya mnara, wakashikilia udongo kwa magogo, na tarehe 25 Novemba mfalme akaagiza nguruwe 40 walionona kuliko wote, wa aina isiyofaa sana kuliwa. Mafuta yao yaliwasha magogo, magogo yakaungua, pembe ikaporomoka. Waliokuwa ndani walirudi nyuma ya ukuta wa katikati wakaendelea kupigana hadi njaa ilipowatoa, 30 Novemba. Pembe hiyo ilijengwa upya baadaye, na hadi leo ni ya duara, zile tatu nyingine za mraba.