Viambaza vya Princess Louise

Kila mgeni ninayempeleka baa ya Princess Louise, namba 208 High Holborn, London, hupotea. Anaingia akitafuta ukumbi, anakuta ujia mwembamba wenye vigae vya rangi ukutani na milango ubavuni. Akifungua mmoja, anajikuta kwenye kijichumba cha watu wachache, na mbele yake kipande cha kaunta. Wenzake anawasikia upande wa pili wa kioo, sura zao hazioni. Mimi huagiza soda ya limau (kazi yangu ni majengo ya zamani, si bia) nikamngoja azunguke hadi anipate.

Baa hii ilijengwa mwaka 1872, ikapewa jina la binti wa nne wa Malkia Victoria. Sura yake ya ndani ni ya 1891, kazi ya msanifu Arthur Chitty. Vigae ni vya W. B. Simpson na Wanawe, waliokuwa na jina kubwa katika fani hiyo.

Mbwembwe zote hizi zilikuwa na sababu ya kibiashara. Sheria ya 1830 ilimruhusu karibu kila mwenye nyumba Uingereza kuuza bia mradi alipe gini 2 (fedha ya zamani ya Uingereza) kwa mwaka, na vilabu vya bia vikaota kama uyoga. Mwaka 1869 leseni za vilabu hivyo zikarudishwa mikononi mwa mahakimu, nao hawakuwa wepesi kutoa mpya. Leseni iliyokwisha kutolewa ikageuka mali. Kampuni za bia zikawakopesha wenye baa kwa sharti la kuuza bia yao tu, na fedha hizo zikaishia kwenye mbao, marumaru na vioo. Kioo chenyewe kilikuwa kimeshuka bei tangu kodi yake ifutwe mwaka 1845.

Lakini ukiniuliza kipi cha kutazama, nitakwambia viambaza, yaani kuta nyembamba zinazotenga vijichumba vile. Ni vya mbao kwa chini, kioo kwa juu. Kioo hicho hupakwa dawa ya kukikinga kwa kufuata mchoro, kisha hutiwa asidi ya haidrofloriki, ambayo hula sehemu zilizoachwa wazi. Pitisha kidole: palipoliwa panakwaruza kidogo, pasipoliwa panateleza. Mwanga unapenya, uso wa mtu haupenyi. Karani aliyekuja kunywa hakutaka kuonwa na kibarua wake, na mwanamke aliyeingia peke yake hakutaka kuonwa na yeyote. Bia ileile iliuzwa ghali zaidi kwenye chumba chenye zulia.

Aliyekulia kwenye nyumba ya mawe ya Lamu hatashangaa sana. Kule nako unatoka daka (kibaraza cha mlangoni), unaingia tekani (chumba cha kuingilia), unakata kona ndipo ufike kiwanda (ua wa ndani), ili mpita njia asichungulie ya ndani. Tofauti ni kwamba London kuna mtu mmoja anayeona kote. Kaunta imekaa katikati, vyumba vimeizunguka, na mwenye baa akisimama pale anamwona kila mteja. Hata hivyo mahakimu wengi hawakuvipenda vyumba hivi. Kwao kona ilikuwa maficho ya ulevi na maovu mengine.

Mtaani Maida Vale kuna Prince Alfred, ambako mambo yalikwenda mbali zaidi. Juu ya kaunta kuna vidirisha vya kioo vinavyozunguka kwenye egemeo, usawa wa uso, ili hata mhudumu asikuone mpaka ukifungue kimoja uagize. Vijilango kati ya vyumba ni vifupi mno. Nami mtu mzima huvipita nimejikunja kama ninayeingia banda la kuku.

Karne ya 20 viambaza vya namna hii viling'olewa karibu kila mahali, Princess Louise ikiwemo. Vya leo ni nakala zilizowekwa na kampuni ya bia ya Samuel Smith katika ukarabati wa 2007 hadi 2008. Wenzangu wengine hununa wakisikia neno nakala. Mimi naona walifanya vizuri: bila viambaza, kaunta ile ingebaki kisiwa kikubwa kisichoeleweka kazi yake.

Anayetaka kitu cha zamani chenyewe ateremke chini, choo cha wanaume. Mikojoleo ya marumaru iliyopo huko ni ya enzi ya Victoria, na inalindwa na sheria pamoja na jengo zima, daraja la pili lenye nyota. Wageni wangu wa kike hawajanisamehe.