Mtunzi wa muziki wa filamu si "mtu wa biti": dhana tulizonazo huku Mtwara

Msimu wa korosho ukianza na fedha za mnada zikiingia, simu yangu haitulii. "Kaka, tumepiga filamu fupi, dakika thelathini tu. Tuwekee biti, tunaitaka keshokutwa." Kisha linakuja swali ambalo hawakosi kuniuliza: "Hivi wewe ni mwanamuziki, mwandishi au mwigizaji? Shika moja!" Mimi nafanya zote tatu.

Eti muziki wa filamu ni wimbo uliokosa mwimbaji. Sivyo. Katika wimbo, mtunzi ndiye anayeamua kiitikio kirudi lini. Katika filamu, mwenye amri ni picha. Picha za sinema huenda fremu 24 kwa sekunde, na mama akigeuza shingo kuutazama mlango, muziki ukichelewa nusu sekunde tu mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kusema ni nini. Ndiyo maana siku ya kwanza sigusi kinanda. Nakaa na mwongozaji, tunaitazama filamu tangu mwanzo hadi mwisho, na kila tunapokubaliana naandika: muziki uingie hapa, utoke pale, na kwa sababu gani. Mara nyingi ninachokipigania ni sehemu zisizo na muziki kabisa.

Lawama nyingine naitupia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani. Sisi tuliokulia Chikongola tulitazama filamu za nje zilizotafsiriwa, sauti ya mtafsiri ikiwa imepanda juu ya kila kitu. Alisimulia, alitania, akaongeza na yake. Tulicheka sana, lakini muziki ulizama chini ya maneno yake ukabaki kama mvumo wa jenereta. Tukakua tukidhani kazi ya muziki ni kujaza pale watu wanaponyamaza. Leo kijana akitengeneza filamu yake, mtu akilia tu, kinanda cha huzuni kinaanza. Machozi tumeshayaona, ndugu yangu! Muziki utuambie jambo ambalo uso hausemi.

Eti asiyejua kusoma nota si mtunzi. Charlie Chaplin hakuwa msomi wa nota. Alipiga fidla kwa mkono wa kushoto, nyuzi zikiwa zimegeuzwa, na sauti zilizomjia kichwani aliziimba au kuzitafuta kwenye kinanda huku wataalamu wakiziandika. Kuanzia City Lights ya 1931 alitunga muziki wa filamu zake mwenyewe, zile zile alizoziandika, akaziongoza na kuziigiza. Limelight, filamu yake ya 1952, ilimpatia Oscar ya muziki mwaka 1973, yeye na wenzake wawili; tuzo ilikawia hivyo kwa kuwa filamu ilichelewa kuonyeshwa Los Angeles. Wenzake hao wakumbukwe pia: mtunzi asiyeandika nota anahitaji anayeziandika, naye alipwe.

Eti mshika mbili moja humponyoka. Hii ndiyo inayoniuma, labda kwa sababu ina ukweli ndani yake. Nianze na upande wangu. Niliwahi kuandika mchezo wenye mjane wa mvuvi wa Mikindani, nikampa ukurasa mzima wa maombolezo. Nilipokaa na zeze kutafuta muziki wake, nikagundua kwamba zeze limeshasema karibu yote. Nikafuta, nikamwachia maneno manne. Mwandishi asiyetunga muziki angekata vile kwa shida. Hali kadhalika, ukiwa umesimama mbele ya kamera unajua pumzi ya mwigizaji inakatika wapi, na hapo huweki ngoma.

Ila hatari nayo ipo: hakuna wa kukwambia hapana. Katika filamu moja niliyoigiza na kuitungia muziki, kila nilipotokea mimi muziki ulinisindikiza kama bwana harusi. Mhariri wa picha, dada mmoja wa Masasi, aliufuta karibu wote bila kuniuliza. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliitazama tena, nikampigia kumshukuru.

Eti ngoma za kwetu ni bure. Mtu anarekodi sindimba kwa simu kwenye sherehe kijijini, Newala au Tandahimba, anaibandika kwenye filamu na kuandika "muziki wa asili". Wale wapigaji wana majina. Wamezikausha ngozi kwa moto hadi kila ngoma ikapata sauti yake, na mpangilio ule wameusomea miaka mingi. Tena sheria haijanyamaza: ile ya Tanzania ya mwaka 1999 kuhusu haki za wasanii ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumike kibiashara, nje ya mila zake, bila kibali.

Eti ukishalipwa ya mkononi, basi. Sheria hiyo hiyo inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na maneno hayo mawili yanamhusu sana mtu wa kazi tatu. Skripti na muziki vinampa hakimiliki, ambayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uigizaji unampa hakishiriki, haki ya mtumbuizaji. Hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa. Kuisajili kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, hakuiumbi haki hiyo, bali kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kwa hiyo karatasi moja yenye "nimepokea malipo ya filamu" inaweza kukumezea vitu vitatu kwa mkupuo. Mimi ilishanimeza mara moja.

Siku hizi naandika mistari mitatu, kila kazi na bei yake. Wiki iliyopita kijana mmoja aliisoma karatasi yangu, akakuna kichwa, akauliza kama akinitoa kwenye kuigiza gharama itapungua. Nikamwambia itapungua. Akanitoa. Muziki nimeuanza jana.