Je, wajua kwa nini nyati hupigwa utrasaundi?

Ukitaja utrasaundi hapa Dar es Salaam, mtu anawaza benchi la kliniki: kina mama wajawazito na chupa zao za maji, wanakunywa hadi wanaomba ruhusa ya kwenda msalani, na nesi anawaambia subirini, kibofu kijae kwanza. Chombo cha aina hiyo hiyo huingizwa kwenye njia ya haja kubwa ya nyati mwenye kilo 500 hivi. Na mara nyingine hatafutwi ndama. Ndama bado hajatungwa. Inayotafutwa ni siku ya kumtunga.

Nitangulize jambo moja, maana najua wapo walioshawaza Mikumi. Siyo yule. Mbogo wetu wa porini hajawahi kufugika, na anayetaka kumpima lazima amlaze kwanza kwa sindano ya usingizi. Huyu ni nyati maji wa Asia, mnyama wa kukamuliwa, anayefugwa India, Pakistan, Misri, Italia, hata Brazil. Maziwa yake yana mafuta asilimia 7 hadi 8, karibu mara mbili ya ng'ombe wa kisasa. Hata jibini ya mozzarella, ile inayonyumbuka juu ya piza za Masaki, chimbuko lake ni maziwa ya nyati hao kusini mwa Italia.

Tatizo lake ni usiri. Jirani yangu mmoja Kigamboni ana ng'ombe watatu wa maziwa. Mmoja akiingia joto, yaani akiwa tayari kupandwa, mtaa mzima unajua: analia, anawapanda wenzake, ute unaning'inia nyuma. Jirani huyo akiona dalili asubuhi anampigia mhimilishaji, mtaalamu wa kupandikiza mbegu, aje jioni. Akiona jioni, aje kesho yake asubuhi. Kwisha. Nyati maji hana vituko hivyo. Majike hawapandani sana, kelele hapigi, na joto lake aghalabu huja usiku, kunakucha limekwisha au linafifia. Hilo ndilo joto la kimya. Likikupita, unasubiri tena siku 21 hivi, na mimba yenyewe ni ya miezi 10 na zaidi. Mfugaji anahesabu hasara kwa mwezi.

Kwa nini basi mtaalamu asipapase tu kwa mkono? Kwa ng'ombe hupapasa, na hupata. Yai likishatoka kwenye ovari, mahali lilipotoka huota kinundu kiitwacho mwili wa njano, nacho huchomoza kiasi kwamba vidole vinakigundua kupitia ukuta wa utumbo. Ovari ya nyati ni ndogo zaidi, na kinundu chake mara nyingi huzama ndani. Vidole vinapita juu yake na kuendelea na safari.

Sauti haipitwi. Kichwa cha mashine hutetema mara milioni 5 hadi 7.5 kwa sekunde, ilhali sikio letu hukomea 20,000. Mawimbi hayo yakigonga nyama, sehemu yake hurudi na skrini huonyesha kijivu. Yakipita kwenye maji matupu, hakuna kinachorudi: weusi mtupu. Folikuli, yaani kijifuko kinacholea yai, kimejaa maji, kwa hiyo huonekana kama duara jeusi. Mwili wa njano huonekana kijivu hata kama umejificha. Adui ni hewa, huyazuia mawimbi yasipite. Ndiyo maana mama wa kliniki hunyweshwa maji, kibofu kisukume utumbo wenye hewa pembeni. Nyati huwezi kumpima kupitia ubavuni, tumbo la mcheuaji limejaa gesi. Mtaalamu huvaa glavu ya kufika begani, hukomba kinyesi chote, kisha huingiza kichwa cha mashine hadi sentimita chache kutoka kwenye ovari. Shati jeupe liache nyumbani.

Njia hii iliripotiwa kwa farasi Ufaransa mwaka 1980, kwa ng'ombe Marekani mwaka 1984, na ikahamia kwa nyati. Wanyama walipopimwa kila siku ndipo lilipoonekana jambo ambalo mkono usingeligundua: folikuli huota kwa mawimbi. Kundi huanza pamoja, moja huwapita wenzake, waliobaki hunyauka, mfano wa abiria wanaogombea mlango wa daladala ya Mbagala saa 12 jioni. Katika utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 1997, nyati wengi walikuwa na mawimbi mawili katika mzunguko mmoja, yaani kutoka joto moja hadi jingine, karibu theluthi moja walikuwa na matatu. Wenye mawili walimaliza mzunguko kwa siku 22 hivi, wenye matatu walichelewa siku kama mbili.

Lakini kwa nini mshindi wa wimbi la kwanza hatoi yai? Hapo picha inanyamaza, unahitaji damu. Mwili wa njano ukiwa hai humwaga projesteroni, na homoni hiyo huzuia ubongo kutoa amri ya yai kutoka. Damu ikiwa na projesteroni chini ya nanogramu 1 kwa mililita, kinundu kimelala, hata kama kwenye skrini bado kinaonekana kinene. Kwenye siku ya 16 au 17, mji wa mimba usipopata mimba hutuma prostaglandini ya kukiua. Folikuli kubwa iliyopo wakati huo ndiyo yenye bahati.

Ukishajua hayo, huhitaji kulivizia joto. Mpango uliotungwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya ng'ombe hutumiwa pia kwa nyati: sindano za homoni siku ya 0, ya 7 na ya 9, kisha uhimilishaji saa 16 hivi baada ya ile ya mwisho, joto lionekane lisionekane.

Matokeo hushuka miezi ya mchana mrefu, kwa kuwa nyati huyu hupenda kuzaliana siku zinapofupika. Delhi mchana hutofautiana kwa zaidi ya saa 3 kati ya Juni na Desemba. Hapa Dar tofauti haifiki hata saa moja, na nyati wa maeneo ya karibu na ikweta huingia joto mwaka mzima, ilimradi majani yapo.