Gulab jamun si kaimati: dhana zinazoharibu karai la Diwali

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, huangukia usiku usio na mwezi, kati ya Oktoba na Novemba, na siku chache kabla yake majiko mengi ya Wahindi hunukia hiliki na samli ya moto. Gulab jamun haikosekani mezani. Ni tamu inayoonekana rahisi kuliko zote, na ndiyo inayowaumbua wapishi wengi wa nyumbani.

"Si ni kaimati za Kihindi tu?"

Hapa ndipo makosa karibu yote yanapoanzia. Mtu aliyekulia pwani akiona madonge ya kahawia yanaogelea kwenye shira, mkono unakwenda wenyewe kwenye hamira. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliumua unga, nikakaanga, nikatia kwenye shira, na nikapata kaimati nzuri kabisa. Wageni walikula na kushukuru. Gulab jamun haikuwepo.

Kaimati ni unga wa ngano uliochachuka, na raha yake ni lile ganda la nje linalovunjika menoni. Gulab jamun ni maziwa. Donge lake la asili ni khoya, wengine huita mawa: maziwa yanayokorogwa juu ya moto mdogo, saa nzima au zaidi, mpaka maji yakauke na kubaki kitu kama udongo wa mfinyanzi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ikikupa gramu 200 za khoya, shukuru. Ngano inatiwa kidogo tu, kushikisha. Hamira haimo. Na ikiiva inatakiwa iwe laini mpaka moyoni, imelewa shira.

Jina lenyewe ukilifungua linakuonyesha inavyotakiwa kuwa. Gulab ni neno la Kiajemi, maana yake maji ya waridi, yanayotiwa kwenye shira. Jamun ni tunda, na ni tunda tunalolijua vizuri: zambarau. Kwa hiyo ni zambarau la maji ya waridi. Umbo na rangi vimeshasemwa humo humo.

"Bila khoya ni ya bandia."

India kwenyewe watu kibao wanatumia maziwa ya unga, na sioni aibu yoyote. Kikombe kimoja cha maziwa ya unga, robo kikombe cha unga wa ngano mweupe, robo kijiko cha chai cha bekingi soda, kijiko kikubwa kimoja cha samli, na maziwa ya maji ya kushikishia, ukianza na vijiko vikubwa vitatu. Soma tu pakiti: yawe maziwa halisi yenye mafuta yake, si ule unga wa mafuta ya mimea wa kugeuzia rangi chai. Khoya ina ladha nzito zaidi, hilo halina ubishi, lakini ukiwa na watoto wawili na nyumba ya kufagia kabla ya wageni, maziwa ya unga yatakuokoa.

"Kanda sana, ndiyo yatalainika."

Hiyo ni sheria ya chapati. Ngano ikikandwa inajenga mnato, na mnato huo ukiingia humu unapata mpira wa kutafuna. Kusanya unga kwa ncha za vidole mpaka ushikane, basi. Utauona umelowa na unanata, usiongeze unga mwingine. Uache dakika 10, maziwa ya unga yatakunywa huo unyevu. Ukikauka kupita kiasi, nyunyiza maziwa.

Kisha paka viganja samli, finyanga vidonge vidogo kama gololi kubwa, maana vitavimba. Kigeuze kila kimoja ukikitazama kwenye mwanga. Ufa mwembamba kama unywele ukiuacha, kwenye mafuta utafunguka mdomo. Na bekingi soda isizidi kipimo: ikizidi, vidonge havilainiki, vinasambaratika karaini.

"Mafuta yawe moto sana, yasije yakanywewa."

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoangukia. Maziwa yana sukari yake ya asili, nayo inashika rangi haraka mno. Mafuta yakiwa na moto wa kukaangia sambusa, kidonge kitakuwa cheusi ndani ya dakika moja huku katikati kukiwa bado kibichi. Na ganda likishakauka hivyo, shira haipiti. Moto unaofaa ni nyuzi 130 hadi 140 hivi. Kama huna kipimajoto, tupa kipande kidogo cha donge: kinatakiwa kizame, kitulie chini, kisha kiibuke juu taratibu chenyewe. Kikiruka juu hapo hapo, epua karai ungoje.

Vikiingia, usivichokonoe. Koroga mafuta pembeni mwa vidonge, vizunguke vyenyewe, ndiyo maana vile vya maduka ya tamu vina rangi sawa pande zote. Dakika sita, saba, nane. Hiyo kahawia ni ya maziwa yenyewe kuungua kwa adabu; haihitaji rangi ya chupa.

"Shira iwe nzito, ndiyo tamu."

Shira nzito inabaki nje. Jalebi, ile tamu ya mizunguko inayokaangwa, ndiyo inayotaka shira inayovuta uzi kati ya vidole. Gulab jamun inataka ya kunata tu, isiyovuta uzi. Sukari na maji vipimo sawa, hiliki zilizopondwa, matone ya ndimu ili sukari isirudi kuwa chenga, na maji ya waridi mwishoni baada ya kuepua. Vidonge vya moto viingie kwenye shira ya moto isiyochemka. Ikiwa inachemka vinajikunja na kuvunjika, ikiwa imepoa havinywi.

"Ni tamu ya Wahindu."

Inaliwa Diwali na Holi, sikukuu ya rangi, inaliwa Idi, inaliwa harusini kwa watu wa dini zote. Pakistani, serikali ilipouliza watu mtandaoni mwaka 2019 wachague tamu ya taifa, gulab jamun iliishinda jalebi. Bengali wana ndugu yake aitwaye ledikeni, jina lililotokana na Lady Canning, mama aliyefariki Kolkata mwaka 1861, mumewe akiwa gavana mkuu wa Kiingereza nchini India.

"Ikitoka karaini, tayari kuliwa."

Iache ndani ya shira saa mbili, usiku mzima ni bora. Kisha kata moja kwa kijiko. Ukiona duara jeupe kavu katikati, shira haijafika: rudisha zote sufuriani, pasha moto mdogo dakika tano, funika, toka jikoni.