Nta kwenye ganda: bunduki ya Pedersen

Mwaka juzi mzee mmoja aliniletea boksi la risasi za Pedersen, .276 (kipimo cha tundu la mtutu kwa inchi), nizikague kabla ya mnada. Usiku mzima alikuwa amezisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba, nazo zikang'aa kama masinia ya harusi. Akakaa kitini akisubiri nimsifu. Nilipoizungusha ya kwanza vidoleni nikaishiwa maneno. Risasi ya Pedersen iliyo nzima haing'ai hivyo. Ganda lake lina ukungu, kama kioo ulichokipulizia pumzi, na ukilipitishia ukucha taratibu unasikia kitu kikavu, kigumu kidogo, kinachoteleza. Hiyo ni nta. Mzee aliifuta nta yote akidhani ni uchafu wa miaka.

Ndiyo maana anayeniuliza habari za bunduki ya Pedersen, ile inayojijaza yenyewe kila ukipiga, namwanzishia kwenye risasi. Mtutu baadaye.

John Douglas Pedersen, mzaliwa wa Nebraska mwaka 1881, alikuwa ameshajijengea jina kwa kubuni bunduki za Remington. Vita vya Kwanza vikielekea ukingoni alilitengenezea jeshi la Marekani kifaa cha kupachika kwenye bunduki ya Springfield M1903 ili ifyatue risasi ndogo mfululizo. Vilitengenezwa vifaa kama 65,000, na baada ya vita karibu vyote vikachomwa moto. (Wakusanyaji wenzangu wakifika hapa hushika vichwa.)

Miaka ya 1920 akarudi na hoja nyingine. Risasi ya jeshi, .30-06, aliiona kubwa mno kwa bunduki inayojijaza yenyewe bila kuwa nzito. Akataka aanze na risasi, kisha aijengee bunduki. Wakubwa wakamkubalia, wakampa nafasi kwenye karakana ya serikali ya Springfield, Massachusetts, alikokuwa akifanya kazi fundi mwingine mtaratibu, John Garand.

Risasi aliyoileta ni ya milimita 7, ganda lake milimita 51 dhidi ya 63 za .30-06, na kichwa chake kina uzito wa gramu 8 hivi. Askari anabeba nyingi zaidi kwa uzito uleule, na bega linapumua. Zinaingia 10 kwa mara moja, pamoja na klipu yake, kibano cha bati kinachozishika pamoja.

Sasa bunduki yenyewe. Nyoosha mkono, weka kiganja ukutani, uegemee. Mkono ukiwa umenyooka kabisa, mfupa unabeba mzigo wote. Kunja kiwiko kidogo tu, na mkono unaanza kukubali, kwanza kwa shida, halafu ghafla unakunjika wote. Bolti ya Pedersen, yaani chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, inashikiliwa na kiwiko cha namna hiyo. Hakinyooki moja kwa moja, kwa hiyo muda wote kinataka kukunjika. Kinachokichelewesha ni nyuso za maungio yake, ambazo amezichonga kwa mviringo zibingiriane kwa ugumu mwanzoni. Watu wakiona kiwiko kinachorukia juu husema, "Hii si Luger tu?" Hapana. Kwenye Luger, bastola ile ya Kijerumani, kiwiko kimejifunga kweli, na mtutu unarudi nyuma pamoja nacho kabla hakijainuliwa. Kwa Pedersen mtutu haujongei na hakuna kilichofungwa.

Hapo ndipo nta inapoingia. Bolti inaanza kurudi mapema, wakati moshi wa baruti bado umelitanua ganda na kulibana kwenye kuta za chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Kitako cha ganda kinavutwa nyuma, ubavu umeng'ang'ania. Ganda kavu linaweza kukwama au kukatika. Wengine wa zama zile walipaka mafuta, na mafuta hukusanya vumbi. Pedersen alichovya maganda kwenye seresini, nta ngumu, ikiwa imeyeyushwa ndani ya kimiminika kinachokauka upesi, ukabaki utando mwembamba mno. Mkononi ni mkavu, ndani ya chemba yenye joto unateleza. Mimi nasema ni kazi ya akili sana.

Mwaka 1928 jeshi lilipiga nguruwe waliolazwa kwa dawa ya usingizi ili kulinganisha majeraha ya risasi za ukubwa tofauti, na .276 ikapendekezwa. Kwa hiyo risasi ya Pedersen ilikubalika. Tatizo likawa bunduki. Ile ya Garand, nayo ya .276 wakati huo, bolti yake ilijifunga sawasawa mpaka risasi itoke mtutuni, hivyo haikudai nta. Ukiwa mkuu wa ghala la jeshi, utachagua bunduki inayokataa risasi isiyopakwa? Nami nisingeichagua, pamoja na kuipenda kwangu. Tena kile kiwiko huinuka mbele ya uso wa mpigaji. Kisha mwaka 1932 Jenerali Douglas MacArthur, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, akakataa kubadili risasi, kwa kuwa .30-06 zilijaa maghalani. Garand akairudia risasi ya zamani, na mwaka 1936 bunduki yake, M1, ikapitishwa ikiwa na klipu ya risasi 8.

Zilizobaki ni chache. Kiwanda cha Vickers cha Uingereza kilitengeneza toleo lake mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Wajapani wakajaribu nakala zao kwa risasi ya milimita 6.5. Ukikutana na ya Vickers, tazama klipu: inaingia upande wowote, ilhali ile ya awali ya Marekani ina upande mmoja tu. Klipu isiyolingana na bunduki yake ni dalili kwamba mtu ameunganisha vitu. Na walioko Uingereza mjue kwamba tangu sheria ya 1988 bunduki za namna hii, zinazojijaza zenyewe, zimepigwa marufuku kwa raia, kwa hiyo mtakayouziwa huko itakuwa imeshaharibiwa isipige.

Nikamwaga boksi la mzee mezani, moja moja. Kwenye pembe ya chini zilikuwepo tatu ambazo hakuzifikia, zina ukungu wake. Nikazitenga kwenye kitambaa cha pamba, nikamwomba ile dawa ya shaba aiache garini.