Shina ndilo linalokubeba: Mgogo wa Chamwino na baba yake Ibrahimu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Juzi kati nilikuwa na semina ya wazee wa kanisa upande wa Chamwino, tumekaa chini ya mti maana mle ndani joto halivumiliki, tunasoma Wagalatia 3, tukafika mstari wa 29, "Na kama ninyi ni wa Kristo, basi, mmekuwa uzao wa Ibrahimu". Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi baba yangu namjua, babu yangu namjua, kaburi lake liko pale nyuma ya zizi, sasa huyu Ibrahimu ni wa kwetu kivipi?" Wenzake wakacheka, mimi sikucheka kabisa, maana nafundisha Agano Jipya miaka mingi sasa na hilo swali ndo lenyewe, ndo lililomfanya Paulo aandike ile barua.

Wale Wagalatia wengi wao walikuwa watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, kama sisi tu, wamempokea Kristo, wana furaha yao, afu wakaja walimu wengine wakawaambia jamani hapo bado, mkitaka kuhesabika kwenye nyumba ya Ibrahimu lazima mtahiriwe. Paulo akakasirika mno, na ukitaka kuona alivyojibu soma na Warumi 4, anachofanya pale ni kuhesabu miaka. Mwanzo 15:6 inasema Ibrahimu alimwamini BWANA "naye akamhesabia jambo hili kuwa haki". Kutahiriwa kunakuja sura ya 17, mzee ana miaka 99. Katikati hapo sura ya 16 anazaliwa Ishmaeli, baba yake ana 86. Piga hesabu mwenyewe, si chini ya miaka 13 huyu mtu anatembea ameshahesabiwa haki na hajatahiriwa bado! Na Torati ilikuja nyuma zaidi, Paulo anasema miaka 430 baada ya ahadi. Kwa hiyo kama ni suala la nani alitangulia, Ibrahimu alikuwa baba wa waaminio wasiotahiriwa kwanza, akiwa mmoja wao.

Sasa turudi kwenye hilo neno uzao. Kwenye Kigiriki Paulo anatumia sperma, yaani mbegu, na pale wazee wangu wakaelewa haraka kuliko wanafunzi wangu wa darasani, kwa sababu kwa Kigogo, lugha yao, ukoo ni mbeyu, mbegu hiyo hiyo. Nikawaambia angalieni Wagalatia 3:16, Paulo anang'ang'ania kwamba mbegu ni moja, na hiyo mbegu ni Kristo. Yaani mimi na wewe hatukuhesabiwa kila mtu peke yake kwamba huyu afaa huyu hafai, tumeingia kwenye ukoo kwa sababu tuko ndani ya mwenye ukoo. Ukiwa wake, baba zake ni baba zako. Ni hivyo tu.

Ila mzee hakuridhika, na alikuwa na haki. Akauliza, kwa hiyo babu yangu namtupa? Hapo ndo nikaenda Warumi 11, pale Paulo anapotufananisha watu wa mataifa na tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa kwenye mzeituni mwema, na nikawakumbusha habari za vijana wanaouza miche ya maembe ya kubebesha barabarani. Kila ninapopita nasimama kuwaangalia. Kijana anachukua kikonyo, yaani kitawi, cha embe dodo, anakichonga pande mbili kama kabari, anapasua shina la mche wa kienyeji, anachomeka, anafunga na kipande cha nailoni kwa nguvu mpaka hewa isipite, anaweka kivulini. Wiki kadhaa baadaye majani yanatoka. Sisi tunaita kubebesha, na sijui kama mmewahi kufikiria hilo neno, maana Paulo anasema hivyo hivyo, "si wewe ulichukuaye shina, bali ni shina likuchukualo wewe". Ndo kubebeshwa kwenyewe! Tawi halibebi mti.

Na kikonyo cha dodo ukikibebesha kitazaa dodo, hakigeuki. Mgogo akiingia kwenye nyumba ya Ibrahimu anabaki Mgogo, na jina la babu yake na kaburi lake nyuma ya zizi. Ila chakula sasa anakitoa kwenye mzizi mwingine. Tofauti ni kwamba mkulima huchukua tawi zuri akalibebesha kwenye shina la kienyeji, Mungu kafanya kinyume, kachukua mzeituni mwitu akauweka kwenye mzeituni mwema, na Paulo mwenyewe anakiri mstari wa 24 kwamba hiyo ni kinyume cha asili. Si kawaida ya mkulima kufanya hivyo. Ni neema.

Hapa lazima niseme mawili matatu kwa uzito. Mstari wa 18 unakataza tusijisifu juu ya matawi ya asili, yaani Wayahudi, na mimi nikisikia mhubiri anawabeza Wayahudi huwa naumia sana, ndugu yangu huo mzizi unaokulisha ni wa nani? La pili, wale wanaosema imani hii ni ya Wazungu. Wamisionari waliofika Mpwapwa miaka ya 1870 nao walikuwa mzeituni mwitu, wamebebeshwa kama sisi, hawakuwa shina. Na kabla yao sana kulikuwa na Waafrika kwenye mti huu, Perpetua na Felista waliuawa kwa imani yao Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203, Agostino alikuwa askofu wa Hippo, Algeria ya leo. La tatu hii "baraka za Ibrahimu ni zangu" inayoandikwa kwenye bajaji, sawa, lakini someni Mwanzo 23, katika nchi yote aliyoahidiwa tunamwona ananunua shamba moja, lenye pango la Makpela, kwa shekeli 400 za fedha, na alilinunua amzike mkewe.

Halafu hii nyumba ya Ibrahimu ilianzia kwa watu wasio na mtoto, yeye na Sara. Huwa nakumbuka msiba wa bibi mmoja wa kanisani kwetu, hakujaliwa kuzaa. Makaburini mshereheshaji akaita, "watoto wa marehemu waje na shada", kwa mazoea tu, kimya kikatanda, nikaona uso wa mshereheshaji unabadilika. Ndipo akatoka dada mmoja, bibi alimsimamia ubatizo. Akafuata mwingine, halafu kijana aliyetoka moja kwa moja kwenye zabibu, viatu vina vumbi, halafu wakawa kundi. Mashada yakaisha na foleni bado ipo, walioko nyuma wakainama wakachota udongo kwa mikono.