Silva ndani ya kioo: inaingiaje, na ile njano inatoka wapi

Ukisikia silva na kioo vinatajwa pamoja wengi mnafikiria kioo cha kujitazamia, kile chenye utando unaong'aa kwa nyuma. Hiki tunachoongelea hapa ni kitu kingine kabisa. Maabara yetu inaingiza silva ndani ya kioo chenyewe, hakuna kupaka wala kubandika, ndo maana hata ukisugua vipi ile rangi ya njano inayoletwa na silva haitoki, ipo ndani kwenye tabaka jembamba la maikromita chache tu, na maikromita moja ni milimita ukiigawa mara elfu.

Tuanze na kioo cha kawaida cha dirisha au chupa. Asilimia 70 na kitu ni silika, alafu kuna chokaa, alafu oksaidi ya sodiamu kama asilimia 13 au 14 hivi. Silika ndo inajenga mtandao ulioshikana, hausogei. Sodiamu sasa yenyewe imekaa kwenye nafasi za huo mtandao kama ayoni, yaani atomu zilizopoteza elektroni, kila moja ina chaji chanya moja, haijafungwa sana, na kioo kikipata moto wa kutosha zinaanza kuhama nafasi hadi nafasi wakati kioo chenyewe bado ni kigumu kabisa. Kazi yote inasimama hapo.

Kwa hiyo tunachukua nitrati ya silva, yaani chumvi yenye silva ndani yake, inayeyuka kwenye nyuzi 212 za Selsiasi, mara nyingi tunaichanganya na nitrati ya sodiamu ili silva isizidi, tunazamisha kioo humo kwenye nyuzi 300 mpaka 400 hivi. Sodiamu inatoka, silva inaingia, na lazima ayoni moja itoke ndo moja iingie, manake chaji zisipolingana kioo hakikubali, ni kama basi lililojaa, abiria hapandi mpaka mwenzake ashuke. Ukitaka silva izame mara mbili ya kina hicho usifikiri muda nao ni mara mbili, hapana, unahitaji mara nne. Na tafadhali sana hii sio ya kujaribu nyumbani, nitrati iliyoyeyuka ikikutana na kitu kama mafuta, karatasi au mbao inaweza kulipuka moto, na nitrati ya silva ikigusa ngozi inaiunguza na kuacha madoa meusi.

Sasa sehemu ambayo inachanganya watu wengi, hata wanafunzi wa kemia. Kioo kikitoka kwenye ile nitrati iliyoyeyuka kinaweza kuwa cheupe tu, kinapitisha mwanga kama mwanzo, na mtu anadhani kazi imefeli. Haijafeli! Ayoni ya silva haina rangi. Ili rangi itokee ayoni lazima ipate elektroni igeuke kuwa atomu ya silva kamili, alafu hizo atomu zikusanyane ziwe chembe za nano, chembe zenye upana wa nanomita chache, yaani milioni yake moja ikijipanga mstari bado unahesabu milimita chache tu. Elektroni zinatoka wapi? Zinaweza kutoka kwenye gesi ya haidrojeni tukipasha kioo moto ndani yake, au kwa madini mengine yaliyomo humo humo kwenye kioo kama chuma, bati, aseniki au antimoni. Na hapa kuna jambo napenda sana kuwaonyesha watu: kioo cha dirisha cha siku hizi kinatengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyuka, njia iliyotangazwa na Pilkington wa Uingereza mwaka 1959, kwa hiyo upande mmoja umeonja bati na mwingine haujaonja. Ukikizamisha kwenye silva upande wa bati unakuwa wa njano haraka zaidi, kioo ni kilekile kimoja.

Kwa nini njano? Elektroni za zile chembe zinayumba kwa pamoja mwanga unapozipiga, na kwa silva ndani ya kioo mwanga unaomezwa zaidi ni wa zambarau, karibu na nanomita 400 hadi 420. Ukiondoa huo kinachobaki jicho linakiona njano. Chembe zikiongezeka na kukua inaelekea kahawia.

Mafundi walijua kuitumia hii mamia ya miaka kabla mtu hajasikia neno ayoni. Misri walikuwa wanachora kwenye vyombo vya kioo kwa silva na shaba tangu karne ya 8, na huko Ulaya kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1300 mafundi wa madirisha ya makanisa walipaka udongo uliochanganywa na silva, wakachoma kwenye tanuru, wakafuta udongo, njano ikabaki ndani.

Matumizi ya leo yanategemea unataka ayoni au chembe. Tangu miaka ya 1970 ayoni zinatumika kutengeneza njia za kupitishia mwanga ndani ya kioo, kwa sababu pale silva ilipoingia mwanga unapinda zaidi na kubanwa humo, na hapo chembe za nano ni adui, zinameza mwanga, kwa hiyo kioo chenye chuma kidogo ndo kinatakiwa. Wanaochunguza kemikali kwa leza wao wanazitaka hizo chembe, karibu na uso, zinawakuzia ishara dhaifu.

Alafu kuna vioo vya kuua bakteria, hapa naomba mnunuzi awe makini. Kinachofanya kazi ni ayoni inayotoka kidogo kidogo kwenye uso kukiwa na unyevu, silva iliyozama chini au iliyojifunga kwenye chembe za ndani haimgusi bakteria yeyote. Kipimo kinachotumika sana, ISO 22196, kinafanywa kwenye nyuzi 35 na unyevu usiopungua asilimia 90 kwa saa 24, hali ambayo kioo kikavu cha simu au mlango hakiipati, kwa hiyo ukiambiwa kinaua asilimia 99 uliza kwanza kilipimwa kikiwa kwenye hali gani, na endelea kukisafisha kama kawaida.